Nyumba ya Baba Kwenye Ngazi za Mahakama

Nianze na paa, maana paa ndilo lililoniponza. Kimbunga kilipita kwetu mwezi wa tatu, saa tisa alasiri, kikang'oa paa lote la upande wa chumba cha marehemu Mama na kulitupa kwenye shamba la jirani. Mimi nilikuwa nimejibanza bafuni na godoro kichwani. Nilipotoka niliona mawingu pale palipokuwa na dari, nikasema, haya, na hili nalo. Sikulia. Nilikuwa nimeshapika chakula cha watoto wa shule miaka thelathini na miwili, nimeshamuuguza Mama miaka kumi na moja, na nimeshamzika. Machozi yenyewe yalikuwa yamechoka.

Serikali ikaleta watu wa msaada, wakafungua meza kwenye ukumbi wa kanisa letu. Nikapanga foleni asubuhi nzima. Dada mmoja mwenye kompyuta akaniuliza nyumba ni ya nani.

"Yangu. Mozelle Tarver."

Akabonyeza, akabonyeza tena. "Hapa panasema Cleophus Tarver."

"Huyo ni baba yangu."

"Basi yeye ndiye anayepaswa kuja kuomba, mama. Msaada wa paa anapewa mwenye hati."

"Makaburi yako hapo nyuma ya ukumbi," nikamwambia. "Nenda kamwite."

Akaona haya, maskini, si kosa lake. Kosa ni letu. Kwetu huku Georgia, kwa watu weusi wa mashambani, mzee akinunua ardhi alijiona amemaliza. Wosia hakuandika, maana kuandika wosia ni kwenda mahakamani, na mahakama haikuwa mahali pa kwenda kwa hiari. Baba akafa, Mama akabaki ndani. Mama akafa, nikabaki mimi. Nyumba ni ya aliyebaki ndani, na kila mtu anajua. Kila mtu isipokuwa karatasi.

Yule dada akaniambia kwa upole njia iliyobaki. Kama kuna mrithi mwingine, asaini kwamba ameniachia, wakili aandikishe, basi, hati inatoka kwa jina langu na paa linaezekwa. Mrithi mwingine yuko mmoja tu duniani, dada yangu Arvella. Saini moja. Simu moja.

Sikupiga.

Nitasema kwa nini, na anayetaka kunicheka anicheke. Vella aliondoka hapa akiwa na miaka kumi na tisa, akaenda Atlanta, akaolewa na Gaines mwenye duka la matairi, akapata nyumba ya bafu nne. Mama alipoanza kusahau majina ya watu, Vella akawa anatuma paja la nguruwe kila Krismasi, na kadi. Paja! Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza Mama, namwosha, namlisha kwa kijiko, nazabwa makofi akidhani mimi ni mwizi wa pochi yake. Halafu leo nishike simu niseme, dada, tafadhali, nipe nyumba? Ukimwomba mtu kitu umeshakubali kwamba ni chake. Roho ilinikatalia. Mara mbili tatu nilikaa na simu mkononi, nikairudisha mezani.

Nikanunua turubai la bluu, nikampa mtu dola arobaini alipigilie misumari, nikaweka ndoo sakafuni.

Hapo ndipo anapoingia Shemasi Hosea Blount. Jumapili anakusanya sadaka kanisani kwetu. Jumanne ya kwanza ya kila mwezi utamkuta kwenye ngazi za mahakama na mfuko wa karanga za kuchemsha, anasubiri zisomwe mnadani nyumba za watu walioshindwa kulipa kodi ya ardhi. Ana miaka sabini na mbili na lori ambalo mlango wake mmoja umefungwa kwa waya. Usimwone hivyo. Ana nyumba sita za kupangisha, zote alizinunua kwenye ngazi zile.

Alikuja kuniona, akasimama uani akiangalia juu.

"Mozelle, unaishi kwenye hema kama wana wa Israeli."

"Kama umekuja kunicheka, acha hizo karanga hapo uende zako."

"Sikucheki. Nimekuja kukupa akili." Akaketi. "Kodi ya hapa nani analipa?"

"Mimi. Tangu Mama ashindwe kushika kalamu."

"Acha. Usilipe tena hata senti. Iache ilale. Ikilala vya kutosha wataipeleka nyumba mnadani. Siku hiyo unapanda ngazi, unainunua wewe. Hati ya mnada haiulizi habari za marehemu. Majina yote ya nyuma yanafutika, linabaki lako."

"Na mtu mwingine akiinunua?"

"Nani? Watu wa kwetu wakimwona mwenye kwake amesimama pale mbele, wanageuka wanaangalia barabara. Hujawahi kuona?"

Nilikuwa nimeona. Ni desturi ya huku, haikuandikwa popote. Nyumba ya mtu ikisomwa na mwenyewe yupo, wanunuzi wote, hata wale wenye roho ngumu, wanaipa ngazi mgongo mpaka amalize kutaja dola zake.

"Na Vella je?" Shemasi akauliza.

"Vella ana bafu nne."

Akatafuna karanga. "Mh," akasema, na hakuuliza tena.

Nikaacha kulipa. Barua zikaanza kuja, moja nyeupe, moja ya njano, moja ya kusainiwa kwa mtu wa posta, zote kwa jina la Baba. Wakati kodi imelala, Shemasi alinichukua kwenye lori lake tukawa tunazunguka kuangalia nyumba za mnada, ili nijue ninaingia kwenye nini. Nilikuwa sina kazi, na ndani mwangu kulikuwa na harufu ya unyevu, basi nikawa nakwenda.

Alikuwa mwalimu mzuri, nisimnyime haki yake. Alinifundisha kwamba huruhusiwi kuingia ndani kabla ya mnada, kwa hiyo unaisoma nyumba kutoka barabarani. Unaangalia mita ya umeme kama inazunguka. Unaangalia nyasi kama zimekanyagwa mlangoni. Unamtafuta jirani mbeya, kila mtaa anaye, unamsifia maua yake, naye anakwambia kama mabomba yameibwa na kama kuna mtu analala humo. Alinionyesha kipande cha ardhi nyuma ya duka la chakula, kipana kama kitanda na kirefu kama uwanja wa mpira, ambacho mwalimu mmoja wa Macon alikinunua akidhani ananunua duka. Alisoma namba, hakuja kuangalia. Mpaka leo anakilipia kodi.

"Lakini hilo dogo," Shemasi alikuwa akisema. "Kubwa ni mwaka. Ukinunua kwenye ngazi zile, mwenye nyumba ana mwaka mzima wa kurudi. Akilipa ulichotoa na asilimia ishirini juu, anachukua chake, wewe unatoka. Mwaka huo usipigilie hata msumari."

"Ukipigilia?"

"Umempigilia yeye. Binamu yangu aliweka jiko jipya, makabati ya mwaloni. Mwezi wa kumi na moja mwenye nyumba akatokea na hundi. Alimshukuru sana kwa makabati."

Tulicheka hadi lori likayumba. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu mazishi.

Shemasi alijua hatari zote za kununua nyumba ya mtu mwingine. Hatari ya kununua nyumba yako mwenyewe hakuijua, na mimi sikujua kwamba hajui.

Miaka miwili ikapita namna hiyo. Turubai lilichanika mara mbili nikanunua jingine. Chumba cha Mama kikaota ukungu mweusi ukutani, nikafunga mlango wake nikaacha kukitazama. Pesa ya paa niliyokuwa nimeiweka kidogo kidogo tangu nikiwa jikoni kwa watoto wa shule ilikuwa dola elfu kumi na tatu na mia sita. Fundi alitaka kumi na nne kwa paa zima, pamoja na mbao zilizooza, na hakutaka kupunguza. Hesabu yangu ilikuwa hivi: deni la kodi limefika elfu mbili mia moja na arobaini, nitanunua nyumba kwa hiyo hiyo, hati itatoka, msaada nitaomba, na hata wakininyima, ninachobaki nacho kitatosha kumshawishi fundi aanze.

Mwezi kabla ya mnada wakatangaza kwenye gazeti la kaunti, wiki nne mfululizo, kama sheria inavyotaka. Cleophus Tarver, kwa herufi kubwa, pamoja na walevi na waliokimbia madeni. Baba yangu, ambaye alikuwa analipa kodi yake siku ya kwanza ofisi inapofunguliwa, amevaa tai! Kanisani mama mmoja akanishika mkono akaupapasa, akasema wananiombea. Niliona aibu jamani, nikatamani kumwambia ni mpango. Nikasema asante.

Jumanne ile nilivaa gauni la kanisani. Watu walikuwa kama ishirini, karibu wote nawajua. Afisa wa kodi akasimama ngazi ya juu na karatasi zake akawa anasoma kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda kula. Ilipofika ya kwetu, nikapanda hadi ngazi ya tatu, nikasimama mbele. Na kweli, walewale majirani, mmoja mmoja, wakageuka wakaangalia barabara. Kuna aliyevua kofia.

"Elfu mbili mia moja arobaini," nikasema.

"Elfu tatu," ikasema sauti nyuma.

Watu wote wakageuka upya. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati jeupe limepigwa pasi, kifaa cha simu sikioni. Mgeni. Gari lake lilikuwa na namba za Florida.

Shemasi akamfuata upesi. "Bwana, unajua unachonunua? Umeiona nyumba hiyo?"

"Nimeona picha."

"Picha ya kutoka angani? Paa lilikuwepo kwenye picha? Sasa halipo. Halafu huyo mama pale ndiye anayeishi humo, na mwaka mzima huwezi hata kumgongea. Ukitengeneza, umemtengenezea yeye."

Yule mtu hakukasirika hata kidogo. "Mzee wangu," akasema, "mimi sitaki nyumba. Nyumba ya nini? Nataka arudi anilipe asilimia ishirini. Benki gani inatoa ishirini?"

Shemasi akarudi nyuma hatua moja. Miaka thelathini kwenye ngazi zile na hakuwahi kuiona hatari ile kutoka upande ule.

"Elfu nne," nikasema.

"Tano."

Sitaki kuyasimulia yote. Ilikuwa kama kupanda kilima na gunia, kila nikidhani nimefika anaongeza elfu moja bila kuniangalia, anamnong'oneza mtu wa kwenye simu. Ningeweza kunyamaza. Ningenyamaza, angeichukua kwa elfu sita au saba, nami ningekuwa na mwaka mzima wa kujipanga. Lakini nilikuwa nimesimama pale na gauni la kanisani, mbele ya watu waliovua kofia, na mtu ananunua nyumba ya Baba ili apate riba. Damu ilinichemka. Alipofika elfu kumi na mbili na nusu, nikasema kumi na tatu, nikamkazia macho. Akasikiliza simu. Akatikisa kichwa.

"Wameniambia basi," akasema, akaufunga mkoba wake. "Hongera, mama."

Watu walipiga makofi. Shemasi alinikumbatia hadi karanga zikamwagika. Mimi nilikuwa nataka kukaa chini tu. Nikapita benki, kisha kwenye dirisha la ofisi ya kodi nikawapa hundi, kila kitu siku hiyohiyo kama utaratibu wao ulivyo, nikapewa risiti yenye jina langu. Mozelle Tarver, mnunuzi. Niliikunja mara nne.

Wiki iliyofuata nilimpelekea wakili, Bwana Lathem, ofisi iko juu ya duka la dawa, aniambie nisubiri vipi mwaka uishe. Akasoma, akaandika, akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Huyu Cleophus ni nani kwako?"

"Baba yangu."

Akaweka kalamu chini. Mtu akiweka kalamu chini namna ile unajua.

"Kuna watoto wengine?"

"Dada mmoja."

"Bi Mozelle," akasema, "nani alikwambia ufanye hivi?"

"Kila mtu," nikamjibu. Ndivyo watu wa kwetu wanavyosema siku zote, kodi inafuta majina. Akasema, inafuta akinunua mgeni. Mwenye nyumba akinunua nyumba yake mnadani, na mrithi ni mwenye nyumba, mbele ya sheria hajanunua kitu. Amelipa kodi aliyochelewesha. Na akilipa kodi, amewalipia warithi wote. "Ulipopanda zile ngazi mlikuwa wamiliki wawili, wewe na dada yako. Uliposhuka mlikuwa wawili vilevile."

"Yaani nimenunua nini?"

"Hujanunua chochote. Umelipa deni la elfu mbili mia moja arobaini kwa dola elfu kumi na tatu."

Nilicheka. Sijui kwa nini. "Basi wanirudishie iliyozidi."

Akanitazama kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko maneno. "Ziada iko ofisi ya kodi, elfu kumi mia nane na sitini. Lakini ziada ya mnada si ya mnunuzi. Ni ya mwenye nyumba. Wameishika kwa jina la Cleophus Tarver. Kuitoa lazima warithi wote wasaini, na inagawanywa kwa sehemu zao. Dada yako ana nusu."

Nikarudi nyumbani, nikaketi jikoni na gauni langu bila kuwasha taa wala jiko. Pesa yangu ya paa, senti za masufuria ya shule, nimeitoa kwa mkono wangu nikampa Baba, na Baba amempa Vella nusu. Nilimkasirikia Shemasi. Habari zilimfikia, akaja kesho yake kuniomba radhi, amevua kofia, hajabeba karanga, nikamfungia mlango wa wavu usoni. Halafu nikaona huyu mzee hana kosa, aliniuliza habari za Vella nikamjibu habari za bafu. Lakini sikumfungulia.

Wakili alikuwa ameshaniambia: mpigie dada yako, kabla hajapigiwa na mtu mwingine. Nikasema nitampigia Ijumaa. Ijumaa nikasema Jumatatu. Wiki tatu.

Kuna watu kazi yao ni kusoma orodha za ziada za kila kaunti, kuwatafuta warithi, na kuwaambia tunaweza kukutolea pesa yako, utupe theluthi. Sikujua. Mmoja wao akampata Vella.

Alikuja Jumamosi asubuhi. Simu ilikuwa imelia mara sita tangu alfajiri, nimeliona jina lake mara zote sita, sikupokea. Gari likasimama uani na yeye akashuka na viatu vya nyumbani. Vella, ambaye haendi hata kutupa taka bila hereni! Akasimama mlangoni akinitazama toka juu mpaka chini.

"Uko hai," akasema.

"Niko hai."

"Mungu wangu." Akaketi kwenye kiti cha kwanza alichokiona, akashika kifua. "Mtu nisiyemjua ananipigia, Bi Gaines, nyumba ya baba yako imeuzwa mnadani, kuna pesa yako. Imeuzwa! Nikajua Mozelle amekufa. Mozelle akiwa hai nyumba hii haiuzwi. Nimeendesha saa mbili nikidhani nakuja kuzika."

Nilitaka kusema pole. Nikasema, "Unywe nini?"

"Sitaki kunywa. Kwa nini hukupokea simu?"

Akaona ndoo. Akainuka, akafungua mlango wa chumba cha Mama ambao mimi nilikuwa siufungui, akasimama pale akitazama ule ukungu na lile turubai linalopigapiga. Aliporudi sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Tangu lini?"

"Tangu kimbunga."

"Kile cha mwaka juzi? Nilikuuliza kwenye simu umepona, ukasema umepona!"

"Nilipona."

Nikamweleza basi. Sikuficha, nilikuwa nimechoka hata kuficha. Meza ya msaada, Shemasi, kodi niliyoilaza kwa makusudi, yule mtu wa Florida, elfu kumi na tatu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ulitaka jina langu litoke," akasema.

"Ndiyo."

"Lilikuwa limeingia lini, Mozelle? Mimi nilikuwa najua nyumba hii ni yako. Wanangu wanaiita nyumba ya mama mdogo. Ungenipigia simu mwaka juzi ningekusainia hata kwenye karatasi ya kufungia samaki."

"Ungesaini, halafu ungeniambia umenipa. Nilimtunza Mama miaka kumi na moja, wewe unatuma mapaja."

"Nilikuomba nije!" Alipiga kelele, na Vella si mtu wa kelele. "Nilikuomba nije nikae mwezi mzima, ukaniambia hapa sihitajiki, Mama hanijui. Nilikuomba nilete muuguzi, ukasema unataka kumwonyesha nani kwamba una hela. Nikawa natuma nyama kwa sababu nyama ndiyo pekee uliyokuwa huirudishi."

Ni kweli. Nilisema hayo yote, kwa maneno hayohayo. Ninayakumbuka.

Basi nikaomba. Miaka sitini na mitatu, na ilikuwa mara ya kwanza kumwomba dada yangu kitu. "Vella," nikasema, "naomba unisainie. Nyumba na ile pesa. Nimekosa. Naomba."

Alinitazama. Niliona anataka. Nitaapa hata leo kwamba alitaka. Machozi yalimjaa, akayafuta kwa kiganja, kisha uso wake ukakaza.

"Ungeniibia ningekusamehe," akasema. "Ungekuwa na njaa, una shida, umechanganyikiwa. Lakini wewe ulikaa miaka miwili chini ya mvua, kwa hiari yako, kuliko kuniita dada yako. Sasa unaniita kwa sababu sheria imekulazimisha. Hapana, Mozelle. Jumatatu saa tatu nitakuwa ofisi ya kodi. Tutasaini, kila mtu achukue chake."

"Na nyumba?"

"Nayo nusu. Mimi sikuwa na nusu ya nyumba hii. Umenipa wewe."

Akaondoka na viatu vyake vya nyumbani. Hakufunga mlango kwa kishindo wala nini, aliurudisha taratibu kama ambavyo Mama alitufundisha.

Jumatatu alikuja amevaa vizuri, na hereni zake. Tulisimama pamoja mbele ya dirisha, mabega yetu yakigusana kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. Karani alikuwa mwanamke mchangamfu, mgeni hapa mjini. Akatuletea fomu, akaanza kuijaza mwenyewe ili atusaidie, akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Mnafanana," akasema akitabasamu. "Ninyi ni dada?"

Nilifungua mdomo. Vella akaniwahi.

"Warithi," akasema. "Andika warithi. Nusu kwa nusu."

Karani akaandika, akatusogezea kalamu moja, Vella akasaini kwanza.